Kengele Ndani ya Redio

Mzee Karypbai alikuwa bado hajafumbua macho. Kapteni Burul alisimama miguuni pa kitanda, kofia kwapani, akitazama kifua cha mzee kinavyopanda na kushuka chini ya blanketi la hospitali. Mtu aliyeishi juu ya farasi, ukimlaza chali huonekana kama amevunjiwa heshima, na Burul aliona haya kumkodolea macho.

"Hajasema kitu?" akauliza.

"Aseme nini, eje, na mpira uko kooni?" Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye mikono myepesi; alimwita Burul eje, dada mkubwa, kama mji mzima ulivyomwita. "Anapumua. Kwa hilo tu mimi nashukuru."

Burul alikuwa na mazoea ya kukagua chumba kabla ya kutoka, hata chumba ambacho hakuna aliyekosea ndani yake. Kabati la bati. Kofia nyeupe ya sufu ya mzee, imefuliwa damu lakini haikutakata. Dirishani, chupa ya kioo iliyofunikwa kitambaa safi, imejaa malai hadi shingoni.

"Hiyo malai ya nani?"

"Ya mama Shaarkul, wa kule mtoni. Huleta kila asubuhi, haijapoa hata joto la mashine. Nikamwambia, mama, huyu mzee hali kitu, utaimwaga bure. Akasema, basi kuleni nyinyi mnaomtunza." Muuguzi akacheka, akajifuta mdomo. "Sasa mimi nikatae?"

"Ni ndugu yake?"

"Wala. Anatafuta thawabu, mwenyewe anasema."

Muuguzi alimpakia Burul malai ile kwenye kipande cha mkate. Malai ilikuwa nzito, tamu, na Burul aliila yote akiwa njiani kurudi kituoni, akijilaumu kwamba kifungua kinywa cha mgonjwa kimeishia tumboni mwa polisi.

Kituoni, Esenbek alikuwa tayari ameketishwa chumba cha mahojiano, pingu mikononi, ndevu za mahabusu zimeanza kumkaa vibaya. Alikuwa dereva wa teksi, kijana wa watu, mpole wa kupitiliza. Ushahidi kwamba ndiye aliyemgonga mzee ulikuwa mnono. Damu ya mzee ilikuwa kwenye kiti chake cha nyuma, bampa yake ya mbele ilikuwa imebonyea, mbonyeo aliosema ni wa zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeingia hospitalini amembeba mzee mgongoni. Kesho asubuhi gari la mkoani lingekuja kumchukua. Burul alizijua kesi za namna hiyo: mtu akishavuka lile geti la mkoani, hakuna anayepata tena muda wa kuuliza kama ndiye.

Luteni Erkinbek alikuwa ameegemea ukuta, anatafuna mbegu za alizeti. "Utetezi wake ni ule ule, eje. Shahidi wake ni redio. Sijui tuiapishe kwa kitabu gani."

"Temea maganda yako nje," Burul akamwambia, akavuta kiti. "Esenbek, mdogo wangu. Nieleze tena. Anzia kwenye kondoo."

Esenbek akashusha pumzi. "Nilikuwa napanda mlima wa Buura, gari tupu. Kabla ya ile kona ya juu nikakuta kondoo wanashushwa kutoka malishoni, barabara nzima nyeupe. Nikasimama. Magari yakajazana, ya kupanda na ya kushuka, sote tumezama kwenye sufu. Nikasema nivute sigara. Mara mwanamke akaongea ndani ya gari."

"Mkeo?"

"Mke wangu namjua, dada yangu. Huyu mtu mzima. Sauti ya mama kabisa."

"Niambie kwa maneno yake mwenyewe."

"Kwanza kengele. Kengele ndogo, kring, kring, kring, halafu ikanyamaza yenyewe, kama mtu aliyeridhika. Yule mama akasema, 'Umefika wapi, mwanangu?' Kimya. Halafu ile kengele ikaanza tena, polepole. Akasema, 'Damu? Damu ya nani?' Kimya tena. Halafu akasema kwa ukali, lakini anatetemeka, 'Usirudi. Nakuambia usirudi. Kondoo wakipita, usisimame popote, njoo nyumbani.' Mimi nikadhani ni mchezo wa redioni. Hata nikaongeza sauti nisikie utaishia wapi."

"Uliishia wapi?"

"Kondoo walipita. Sauti ikakatika. Nikapinda kona, nikamkuta mzee mtaroni, farasi wake amemsimamia, hataki mtu asogee." Macho yake yalijaa maji. "Nilimbembeleza yule farasi, eje. Nilimwambia, mimi siye. Niache nimchukue. Akanipisha."

Farasi alikuwa amemwamini haraka kuliko polisi.

"Na simu yako wakati huo?"

"Mfukoni. Huwa naongea kupitia redio ya gari. Nina kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, simu inaongea nacho, nacho kinaongea na redio. Mikono inabaki kwenye usukani."

"Sasa sikiliza hapa, eje," Erkinbek akadakia. "Mwambie kidude kilikuwa wapi."

Esenbek akainama. "Nilikichomoa. Gari la zamani, tundu ni moja tu. Ama uongee, ama uwashe sigara."

"Umesikia?" Erkinbek akapiga kiganja ukutani. "Kidude kimechomolewa, kiko kitini kimelala, na redio inaongea! Hata uongo una adabu zake, bwana."

"Sikuzua, luteni. Ningekuwa nazua ningesema kilikuwa kimechomekwa."

Burul aliliandika. Hilo lilikuwa kweli. Mwongo huziba tundu, hatoboi jipya.

"Na kengele?"

"Hiyo nimeimaliza mimi," alisema Erkinbek. "Beberu wa mbele alivaa kengele. Nimemuuliza mchungaji, amekiri."

"Kengele ya beberu huwa inanyamaza katikati ya safari?"

"Labda alisimama kula."

"Mimi naijua kengele ya beberu," Esenbek akasema kwa upole. "Ile ilikuwa nje, kwenye vioo. Hii ilitoka kwenye spika."

Nje kwenye baraza alikuwa akingoja mwanamke mwingine, hana raha hata kidogo. Alikuwa Saltanat, mwenye duka la dawa, mwanamke pekee aliyekutwa akiendesha gari kati ya wale waliozibwa na kondoo. Erkinbek alikuwa amemwita kwa hoja yake ya akiba: kama dereva hakudanganya, basi sauti ya mwanamke ni ya dereva mwanamke.

"Afande, mimi nina wateja," Saltanat alimwambia Burul hata kabla ya salamu. "Watoto wanakohoa mji mzima. Nimekaa hapa kama mwizi wa kuku."

"Samahani, dada. Nioneshe gari lako tu, uende."

Gari lilikuwa jekundu, jipya, halina hata mkwaruzo. Saltanat alipowasha, kioo kikubwa cha dashibodi kikawaka na jina la simu yake likajitokeza lenyewe.

"Wewe hutumii kidude cha kuchomeka?"

"Cha nini? Hili limezaliwa na simu yake humo humo. Vile ni vya magari ya wazee, yale ya Japani." Akamtazama Burul kwa jicho la kejeli kidogo. "Nenda kamuulize Medet, kule kontena za vipuri. Yeye ndiye anayeyafundisha kuongea."

Burul alimruhusu aende. Kisha akafuata ushauri wake, maana hakuwa na mwingine.

Kontena la Medet lilikuwa mwisho kabisa wa soko la vipuri, na mbele yake yalipangwa magari ya Kijapani yaliyochoka, usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha kulia, kila moja na kovu lake. Medet mwenyewe alikuwa ndani ya moja, kichwa chini ya dashibodi, miguu inaning'inia nje.

"Burul-eje! Karibu. Gari lako limeacha kuongea?"

"Langu halijawahi kuanza. Nifundishe, Medet. Kidude cha simu kinaingiaje kwenye redio?"

Medet akajitoa, akapangusa mikono. Kumuuliza Medet kuhusu kazi yake kulikuwa kama kumfungulia mbwa geti. "Kidude ni kituo cha redio, eje. Kituo kidogo kabisa, kinatangazia gari moja. Simu inakirushia sauti kwa bluetooth, nacho kinairusha hewani kwa FM, redio inaidaka. Sasa shida yetu ni nini? Redio za Japani zinaishia tisini. Za kwetu zinaanzia juu ya themanini na saba. Kwa hiyo nina kanjia kembamba hivi." Akabana vidole viwili, karibu viguse. "Na humo humo kuna vituo vya watu. Palipobaki patupu ni mahali pamoja tu. Themanini na tisa nukta tano."

"Kwa hiyo wateja wako wote..."

"Wote! Mji mzima uko themanini na tisa nukta tano. Nikiwawekea tofauti wanazichezea, halafu wanarudi kunililia." Akacheka. "Ijumaa moja mzee Toktor ametoka msikitini, ameingia garini, kidude bado hakijawaka, akasikia mwanamke anamwambia, 'Usisahau vitunguu, na safari hii usininunulie vilivyooza.' Akaenda akanunua. Kufika nyumbani, mkewe anamuuliza, vitunguu vya nini? Alikuwa mke wa jirani!"

Burul hakucheka. Alikuwa amesimama, mkono kwenye mlango wa gari bovu.

"Nioneshe," akasema.

Walichagua magari mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu. Burul akaingia moja, Medet lingine, vioo vikapandishwa. Kila gari lilikuwa na kidude chake kimechomekwa na taa yake ndogo ya buluu inawaka. Medet akapiga simu kituoni, akamtaka Erkinbek aongee tu, chochote, asinyamaze.

Burul alisubiri. Redio ilikuwa kimya, kimya kizito cha chumba kilichofungwa. Kupitia kioo alimwona Medet anachekacheka, midomo inacheza. Hakusikia kitu. Ndipo alipomkumbuka Esenbek na sigara yake. Ama uongee, ama uwashe.

Akanyoosha mkono, akakichomoa kidude.

"...na ukimwona mwambie," ilisema dashibodi kwa sauti ya Erkinbek, kubwa, karibu, kana kwamba kijana ameketi mapajani pake, "mwambie kapteni nimetema maganda nje kama alivyoagiza, na chai yake nimeinywa mimi."

Burul alirudi nyuma mpaka kisogo kikagonga kiti. Alitazama kule spika zilikotoboka vitundu. Hapakuwa na simu iliyounganishwa na gari hilo. Hapakuwa na waya. Erkinbek alikuwa ng'ambo ya mji, kwenye kiti chake, anajichekesha, na hewa hii hii aliyokuwa akiivuta Burul ilikuwa imembeba mzima mzima na kumweka hapa. Kitu kilichomhukumu Esenbek, kidude kilichochomolewa, ndicho kilichokuwa kinamtetea. Kikiwaka kinamfunika jirani. Ukikitoa, jirani anaingia. Alipigwa na butwaa kweli kweli, akatamani kucheka na akatamani kuomba dua, vyote kwa pamoja.

Kisha akashtuka. Akateremsha kioo.

"Medet! Wewe unaongea?"

"Naongea mpaka koo limekauka. Namjibu huyu mlevi wa chai."

"Mbona wewe sikusikii?"

Medet akakunja uso kwa swali la kitoto. "Mimi utanisikiaje, eje? Sauti yangu inaingia kwenye maiki, inaenda kwenye simu. Redio inatoa ya yule wa upande wa pili tu. Ningejisikia mwenyewe ningekuwa kichaa."

Yule wa upande wa pili tu.

Burul akakaa palepale, mlango wazi, mguu mmoja nje. Tangu mwanzo walikuwa wakimtafuta mwanamke barabarani. Walihesabu madereva, wakamsumbua bure mwenye duka la dawa. Na yule mwanamke hakuwahi kuwa barabarani. Dereva, aliyekuwa akijibu bila kusikika, ndiye aliyekuwa kile kimya cha katikati. 'Umefika wapi, mwanangu?' Kimya. 'Damu ya nani?' Kimya. Sauti aliyoisikia Esenbek ilikuwa ya mtu aliyekuwa nyumbani kwake. Na kama yeye alikuwa nyumbani, basi na ile kengele ilikuwa nyumbani.

Kengele gani hulia, ikanyamaza, na kuanza tena mtu aliyeishika anaposhtuka?

Mkono wake wa kulia ulijua kabla ya kichwa. Ulikuwa umeanza kuzunguka wenyewe hewani. Aliliona hema la mama yake kule malishoni, na mashine ya kutenga malai imefungwa kwenye meza, na yeye binti mwenye nywele za kusuka anazungusha mpini. Mashine ile ina kengele kwenye mpini. Ukianza inalia, inakusuta, mpaka mwendo ukolee. Mwendo ukikolea inanyamaza, malai inateremka upande huu, maziwa upande ule. Ukilegeza mkono, inaanza tena kukusema.

Yule mama alikuwa akizungusha. Aliposikia habari ya damu, mkono ulimlegea.

"Haijapoa hata joto la mashine," Burul akasema kwa sauti.

"Nini?" Medet akauliza.

"Mama Shaarkul wa mtoni. Ana mtoto mwenye gari?"

"Kubat! Si ndiye aliyerudi kutoka Urusi mwaka jana? Gari la kijivu, refu, nilimwekea mwenyewe kidude." Medet alitabasamu kwa kumkumbuka. "Alisema mama yake ndiye anataka. Anaogopa ajali. Kamwambia, ongea na mimi njia nzima, mwanangu, lakini mikono yote miwili iwe kwenye usukani."

Burul alifumba macho kidogo. Kisha akachukua simu, akampigia Erkinbek. "Acha chai. Mlete Esenbek mtoni, kwa mama Shaarkul, mje na gari lake mwenyewe. Simamisha nje ya ukuta, vioo chini. Redio iachwe pale pale ilipo, usiiguse hata kwa bahati mbaya. Kidude kichomolewe."

"Na nimwambie tunaenda kusikiliza nini?"

"Usimwambie chochote. Mpe sigara."

Jua lilikuwa linaelekea mlimani Burul alipoingia uani kwa Shaarkul. Mama alikuwa ametoka kukamua. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, soli za viatu zina tope la zizini. Alipoiona sare hakushangaa. Alimkaribisha barazani, akamega mkate, akamsogezea, na Burul akaonja, maana hata polisi haingii nyumba ya mtu akakataa mkate.

Mashine ilikuwa palepale, imebanwa mezani, bakuli la juu limejaa maziwa yenye povu.

"Nipishe, mama," Burul akasema, akikunja mikono ya koti. "Nimeikosa kazi hii tangu utoto."

Akashika mpini. Kring, ikasema kengele. Kring. Kring. Alizungusha mpaka mwendo ukakolea, na kengele ikanyamaza, ukabaki mvumo mtamu wa chuma na uzi mweupe wa malai unateremka kwenye bakuli.

"Mkono wako unajua," alisema Shaarkul.

"Nikilegeza, inanisema."

"Ndiyo kazi yake."

"Jioni ile ya kondoo, mama, ilikusema wewe. Yuko mtu aliyeisikia."

Shaarkul alikuwa ameshika ndoo. Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Nilikuwa peke yangu hapa."

"Ulikuwa na mwanao kwenye simu. Ulimuuliza amefika wapi. Ulimuuliza, damu ya nani. Ukamwambia, usirudi."

"Kubat amekuambia?"

"Sijamwona Kubat. Dereva aliyezibwa na kondoo ubavuni pake ndiye aliyesikia. Sauti yako ilitoka kwenye redio ya gari lake. Neno kwa neno."

Mama alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Alitazama milima, kule juu ilikopita ile barabara, kisha akatazama hewa tupu iliyokuwa kati yake na mlima, kwa hofu na kwa heshima, kana kwamba imejaa masikio.

"Kwenye redio," akanong'ona. "Mimi nilidhani Mungu peke yake ndiye aliyenisikia."

Burul aliendelea kuzungusha. Hakuona aibu kwamba macho yanamwuma.

"Alitaka kurudi," Shaarkul akasema. "Sikia hilo vizuri, binti yangu, na uliandike. Alipinda kona, farasi akatokea na mtu mgongoni, akamgonga. Akaenda mbele kidogo, akanaswa na kondoo, ndipo akanipigia. Analia kama mtoto. Anasema, mama, yuko mtu nyuma kule, kwenye kioo kuna damu, narudi. Mimi ndiye niliyesema usirudi. Urusi imekaa na ujana wake wote. Nikasema, gereza lisinichukulie na hiki kilichobaki. Yeye alinitii tu. Niandike mimi."

"Na malai?"

"Nitampelekea nini kingine? Sina kitu kingine cha kumpa."

"Yule kijana aliyemwokota mzee amefungwa badala ya mwanao, mama."

"Nilisikia. Nikajiambia, hana kosa, watamwachia."

"Kesho wanamchukua mkoani."

Hapo simu ya Shaarkul ikalia mfukoni mwa aproni. Ilikuwa simu ya wazee, yenye vitufe vikubwa na sauti ya kusikika mpaka zizini.

"Ndiye," akasema. "Huwa anapiga akiwa darajani, na hakati mpaka afike."

Burul hakumwambia apokee wala asipokee. Kisheria hakuwa na ruhusa ya kumtia maneno mdomoni, na moyoni hakutaka. Aliendelea kuzungusha mpini. Nje ya ukuta kulisikika gari la Esenbek, limesimama, vioo chini, redio inavuma kwa sauti ya chini.

Shaarkul akabonyeza kitufe.

"Mama, nimeshaingia mtaani," ilisema sauti ya kijana, changamfu ya kujilazimisha. "Ushakamua? Nimekuletea ule u... Mama. Kuna gari la polisi getini."

"Nalijua, mwanangu."

Aliyasema maneno hayo barazani, hatua chache kutoka kwa Burul. Na maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, yakatoka ng'ambo ya ukuta, kutoka ndani ya gari la mtu mwingine. *Nalijua, mwanangu.* Mvumo wa redio ukakatika, na mama akawa yuko pande mbili za ukuta kwa pamoja. Mlango wa gari ukafunguliwa kwa kishindo. "Ndiye!" Esenbek alikuwa analia huko nje. "Luteni, wallahi ndiye, ndiye yule mama!"

"Mama, nigeuze?" Sauti kwenye simu ilikuwa imekauka. Injini ya gari la kijivu ilikuwa ikiunguruma nje ya geti, haijui kama ni ya kuja au ya kwenda. "Bado hawajaniona. Niambie. Nigeuze?"

Shaarkul alisimama wima. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, lakini sauti haikutetemeka, na Burul aliisikia mara mbili, mdomoni na ng'ambo ya ukuta.

"Simama, mwanangu," akasema. "Safari hii simama."

Injini ikazimika.

Katika ua mzima ikabaki kengele ndogo, inalia polepole, kring, kring, na Burul alikawia kidogo kabla ya kutambua kuwa ni mkono wake uliolegea.